Kwenu wapya wa kazi ya bonde: sampuli za siku ya jua zitawaumbua

Nimeletewa grafu nyingine ya mradi wenu wa kuwalipa wakulima wa juu ya mto wazuie tope na mbolea visiingie kwenye maji ya jiji. Mstari wa fosforasi, kirutubisho cha mbolea, unateremka vizuri, rangi zimechaguliwa kwa ustadi, na chini yake mmeandika "Mradi umefanikiwa". Mnataka ifike mamlaka ya maji kabla ya kikao cha bajeti. Nikauliza sampuli zilichotwa lini. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, mkasema. Na siku za mvua je? Mkaanza kutazamana. Basi, wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Siku ya mvua ndiyo siku ya kazi. Fosforasi nyingi husafiri imeshikamana na udongo, na udongo huondoka mvua kubwa inapopiga shamba lililo wazi. Siku chache za mafuriko zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima. Ukichota kwa ratiba ya ofisi, utaukuta mto umeshatulia na utarudi na habari njema za uongo. Nitrati, kirutubisho kingine cha mbolea, nayo ina tabia yake: huyeyuka, huzama, hupita kwenye mabomba ya kutolea maji chini ya shamba au kwenye maji ya ardhini. Maji yanaweza kung'aa na bado yamevuka kikomo cha nitrati.

Grafu kama hiyo yenu nilishaipeleka mimi, tena kwa mbwembwe. Misimu miwili ilikuwa ya ukame na mimi sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nikipima ukolezi peke yake, yaani kiasi kilichomo katika kila lita, bila wingi wa maji yanayopita. Mvua ndogo, tope dogo. Mimi nikasema ni kazi ya kingo za nyasi, zile kanda ambazo wakulima huziacha kando ya mto zishike tope. Madiwani wakapiga makofi. Halafu wakafanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelitarajia: wakapunguza fungu la wakulima, maana tatizo limekwisha, si ndivyo nilivyosema? Mvua iliporudi ikashuka kwa hasira. Mtambo wa kusafisha maji ukala shabu, dawa ya kutuliza tope, kupita kiasi, simu zikaanza, na wale wale waliopiga makofi wakasema wakulima wametudanganya, wameng'oa nyasi. Nikapanda bondeni kukagua. Nyasi zilikuwepo. Matuta yalikuwepo. Walikuwa wametimiza kila kitu, na mvua ile ingewashinda hata wangekuwa wengi mara mbili. Kwenye mkutano mzee mmoja akaniuliza, kwa upole uliozidi matusi: "Mwanangu, mlipotusifu mlikuwa mmepima nini?" Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata baadhi yao wakalima kingo zao hadi ukingoni mwa maji. Siwalaumu. Kila ukanda wa nyasi ni ardhi iliyoacha kuzaa chakula kwa ajili ya bomba la mtu wa mjini, na sisi tulikuwa tumewalipa kwa kuwaita waongo.

Kwa hiyo: pimeni wingi wa maji pamoja na ukolezi, anzeni kabla ya kazi yoyote shambani, na mtafute kijibonde jirani kisichoguswa cha kulinganishia. Matokeo, mazuri au mabaya, wayasikie wakulima kwanza.

2. Msiingie na vitisho. Mwaka 2015 shirika la maji la Des Moines, Marekani, lilizishtaki kaunti tatu za juu ya mto kwa sababu ya nitrati. Kesi ikatupwa mwaka 2017, nitrati ikabaki mtoni. New York nayo ilianza vibaya: mwaka 1990 ilitoa rasimu ya masharti makali kwa mabonde yanayoipa maji, wakulima wakawaka. Kilichookoa ni kuketi chini. Baraza la kilimo likaundwa, wakulima wenyewe wakiliongoza. Mpango ukatengenezwa kwa kila shamba, jiji likalipia, na kujiunga kukawa hiari. Mkataba mpana ukasainiwa mwaka 1997, na jiji likakwepa kujenga mtambo wa kuchuja maji ya mabonde hayo ambao ungemeza mabilioni ya dola. Ninyi mnapenda kutaja hayo mabilioni tu. Someni na hiyo sehemu ya kuketi.

3. Mkulima apate kitu msimu huu huu. Mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, haukuwaendea watu na hotuba juu ya mabwawa ya jiji. Ulikwenda na nyasi za nepia, zinazoshika tope na kulisha ng'ombe, na vidimbwi vya kuvunia mvua vya kumwagilia wakati wa kiangazi.

4. Anzeni na mahali panapovuja tope na mbolea. Panaweza kuwa mteremko mmoja, korongo moja, mahali pamoja pa kunyweshea mifugo, au barabara ya udongo ambayo si ya mkulima yeyote. Ninyi huanza na shamba ambalo gari linafika.

5. Msiahidi tarehe. Nitrati iliyo kwenye maji ya ardhini inaweza kuchukua miaka, hata miongo, kutoka. Jiji la Munich, Ujerumani, lilianza mwaka 1992 kuwalipa wakulima wa bonde la Mangfall, linakotoka maji yake, walime bila mbolea za viwandani, na halikufanya hivyo kwa hesabu ya kipindi kimoja cha meya. Liandikeni hilo kwenye mkataba na jiji, kwa herufi zinazosomeka.

6. Lipeni kwa wakati. Mkulima akishaacha kulima kando ya mto, hasara yake imeanza siku hiyo; haingoji mwaka wa fedha wa jiji ufungwe. Na ile hoja kwamba fomu yake haikuwa na muhuri, mwende mkamweleze wenyewe, kwa miguu.