Amarilisi inatoa majani matupu: ipumzishe kiangazi

Mkuu, umesema amarilisi yako, lile ua linaloota kutoka kwenye kitunguu chake cha udongoni (si kitunguu cha kula), iko barazani, inamwagiliwa kila siku, na mwaka wa pili huu hujaona ua. Usiongeze mbolea ya urea, utazidisha majani tu. Kinachokosekana ni mapumziko. Wa nchi za baridi huipumzisha sehemu yenye ubaridi. Dar ubaridi huo hatuna, kwa hiyo tunatumia ukavu.

Masika yakiisha, mwanzoni mwa Juni, acha kabisa kumwagilia na usogeze chungu mvua isipofika. Majani yatageuka manjano. Usiyakate yakiwa mabichi, bado yanalisha kitunguu. Yakikauka yaondoe, kisha kiache kitunguu kikavu wiki 8 hadi 10. Baada ya hapo mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, halafu tulia hadi ncha ichomoze shingoni. Ikiwa nene na butu, hilo ni ua. Ikiwa bapa, ni jani. Kuanzia kumwagilia hadi kuchanua hesabu wiki 6 hadi 8.

Pima pia kitunguu kwa futi ya fundi cherehani. Kikiwa na mzingo wa sentimita 24 na zaidi, kina akiba ya kutosha. Vile vichanga vinavyobanduliwa ubavuni huhitaji miaka kadhaa.

Chungu kizidi kitunguu vidole viwili tu kila upande, na theluthi ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Changanya udongo ndoo moja, mchanga ndoo moja, samadi iliyooza nusu ndoo. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Kisahani cha chini kimwage maji kila mara.

Bustanini inua tuta sentimita 20, la sivyo masika yataozesha kila kitu. Kitunguu kikilainika kitako, kichimbue, kwangua mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, paka unga wa mkaa, kiache kivulini siku tatu ndipo ukipande upya. Madoa mekundu kwenye majani na bua ni kuvu: mwagilia udongo, siyo majani. Viwavi weusi wenye madoa ya njano waokote siku hiyohiyo, maana hula jani kwa ndani wakishuka hadi kwenye kitunguu.

Ua likinyauka kata bua, acha majani, endelea na maji na mbolea hadi Mei. Na vitunguu unavyovihifadhi viweke mbali na jikoni, vina sumu. Mbuzi na mbwa nao wasivifikie.