Ulizeni habari za tumbo kabla ya kuandaa nyonga: kwa wauguzi na madaktari tarajali wa wodi ya mifupa

Mgonjwa anayelazwa ili abadilishiwe nyonga au goti huzungumzia maumivu ya mguu, na habari za tumbo hazitaji kwa sababu haoni zinahusiana vipi na mguu huo. Ninyi mnaoanza kazi nawaomba mzitaje kwanza. Miongoni mwa wagonjwa wa kawaida, mmoja au wawili katika kila mia hupata maambukizi kwenye kiungo bandia. Mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au vidonda sugu vya utumbo mpana huingia thieta akiwa na hatari kubwa zaidi ya hiyo, na sehemu kubwa ya kazi ya kuipunguza hufanyika kabla ya kisu.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimpokea mama mmoja aliyekuja kubadilishiwa nyonga, nikajaza fomu: presha hana, kisukari hana, mzio hana. Siku ya tisa baada ya upasuaji, bendeji yake ilikuwa na unyevu wa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, wenye rangi ya chai nyepesi, usio na harufu. Homa hakuwa nayo. Nilibadilisha bendeji na kuandika kwamba kidonda kinaendelea vizuri. Siku ya kumi na mbili unyevu ulikuwa usaha, na ndipo alipofungua fundo la khanga akanionyesha vidonge vidogo vyeupe alivyokuwa akimeza kimyakimya kwa miaka mingi kwa ajili ya tumbo. Vilikuwa prednisoloni. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mwanangu, mliniuliza mguu."

Dawa hiyo hushusha kinga, huchelewesha kidonda kufunga na huweza kuificha homa tunayoingoja kama dalili. Ikitumiwa muda mrefu huweza pia kuua kichwa cha mfupa wa paja, kwa hiyo si ajabu nyonga yenyewe iliharibiwa na tiba ya tumbo. Zaidi ya hayo, utumbo uliovimba hupoteza damu na protini na haufyonzi chakula ipasavyo. Albumini, ile protini ya damu, ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, au damu ikiwa pungufu, mjulisheni daktari wa upasuaji mapema. Bakteria wa utumbo nao huweza kupenya ukuta uliochubuka, wakaingia kwenye damu na kutua juu ya chuma cha kiungo bandia. Kwa kuwa chuma hakina mishipa ya damu, bakteria hao hujijengea utando ambao dawa haziupenyi kwa urahisi.

Msiulize, "Una ugonjwa wa utumbo?" kwa maana wengi watajibu hapana. Ulizeni anakwenda choo mara ngapi, kama huamshwa usiku na tumbo, kama ameona damu au kamasi, kama amepungua uzito, na kama ametibiwa amiba mara nyingi bila kupona. Swali hilo la mwisho limenisaidia kuliko yote, kwa maana kuhara kwa ugonjwa huu huweza kudhaniwa kuwa amiba. Kumbukeni pia kwamba kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na kwamba dawa za Crohn zinazoshusha kinga, kama infliksimabu na adalimumabu, huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Uchunguzi huo ni wa daktari bingwa wa mfumo wa chakula, na si wa kubahatisha wodini.

Mkigundua mgonjwa anatumia prednisoloni, msiikatishe ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huenda zimezoea kutegemea dawa na presha ikaporomoka mezani. Mwambieni mtaalamu wa usingizi. Kuhusu infliksimabu na adalimumabu, miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 na 2022, iliyoandikwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi na magonjwa ya jamii hiyo, hupendekeza upasuaji upangwe mwishoni mwa mzunguko wa dozi. Kwa mgonjwa wa utumbo uamuzi ubaki kwa daktari wake, kwani ugonjwa wa tumbo ukipamba moto nao ni hatari. Goti lililouma miaka mitano linaweza kusubiri miezi mitatu tumbo litulie.

Baada ya upasuaji, msimpe dawa ya maumivu ya diklofenaki kwa mazoea, maana huweza kuamsha ugonjwa wa utumbo. Akiharisha akiwa kwenye antibayotiki, fikirieni Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo anayeharisha, na mnawe mikono kwa maji na sabuni, kwani kitakasa mikono hakiui mbegu zake. Kipimo cha CRP, kile cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kisomeni kwa tahadhari, kwa kuwa utumbo wenyewe hukipandisha. Kidonda kikiendelea kulowa, mwiteni daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, na kama mgonjwa hajazidiwa, msianze antibayotiki kabla majimaji ya kiungo hayajavutwa kwa sindano, la sivyo huenda maabara isioteshe kitu.

Yule mama alirudishwa thieta, nyonga ikasafishwa na sehemu zinazobadilika zikabadilishwa. Maabara iliotesha E. coli, bakteria wa utumbo. Chuma kilisalimika, lakini alikaa wodini wiki sita zaidi, na binti yake wa mwisho alipoteza muhula mzima wa shule akimletea uji kila asubuhi.