Re: Gokati ikizima katikati ya njia, nishuke niisukume?

Usishuke mkuu! Gokati ni kigari kidogo cha mbio, kiti kiko chini karibu na ardhi, so wanaokuja nyuma yako wamekaa chini kama wewe, kwenye kona hawakuoni mpaka wamefika, na ukiwa kwenye kiti angalau una bampa, ukisimama una miguu tu. Nyoosha mkono mmoja juu kabisa, mwingine ubaki kwenye usukani, na kama bado inaseleleka ielekeze pembeni taratibu bila kumkatia mtu njia. Jamaa wa bendera atapunga ya njano wenzio wapunguze spidi ndo aje kuiwasha.

Mimi mnyororo ulichomoka, injini inanguruma tu gari haiendi, nikataka nigeuke nichungulie, kijana wa pale akanifokea na namshukuru mpaka leo maana ekzosi ile ingenichuna ngozi. Nyingi za kukodi zinatumia Honda GX200 au GX270, ukoo uleule wa injini za pampu za maji, na inakaa pembeni ya kiti karibu na kiwiko.

Ila kuzima sio ishu sana, ishu ni mafuta kung'ang'ania. Umeachia pedali na bado inakimbia? Kanyaga breki mpaka mwisho na zima swichi, so kabla hujaanza uliza iko wapi, sio zote zinayo karibu na dereva. Ila ikiwa haina tatizo hilo usikanyage breki na mafuta kwa pamoja, unaunguza klachi. Moto ukiwaka hapo ndo unatoka, angalia nyuma kwanza.

Na shemeji akija, mtandio uingie ndani ya nguo, ekseli ya nyuma (chuma kinachoshika magurudumu mawili) inazunguka wazi, inaweza kuunasa.