Kimeng'enya kimetiwa, mnato haukatiki: kagua bafa

Mdogo wangu wa Tabora, pole. Umesema umepasua bakteria E. coli ili utoe protini ya chanjo, ukatia Benzonase, kimeng'enya kinachokata DNA, lakini mchanganyiko bado unavutika kama mlenda. Huo mnato ni DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli. Usiongeze dozi, utapoteza hela. Tatizo liko kwenye bafa yako, yaani kimiminika kinachotunza pH: umeandika EDTA, kemikali inayoshika metali, milimola 5. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila magnesiamu, na EDTA inainyakua yote. Iondoe, tia magnesiamu kloridi milimola 2, pH iwe karibu na 8. Chumvi nayo ipunguze, maana ikizidi kasi inashuka vibaya. Kwenye nyuzi joto 37 kimeng'enya ndiyo hukimbia zaidi. Protini unayoitaka ikiwa dhaifu, acha kwenye ubaridi usiku kucha. Ukivuta kwa pipeti ikaanza kudondoka matone badala ya nyuzi, DNA imekatika.

Ukitaka kufika kwenye chanjo kweli, kazi haijaisha. Vipande vya DNA vilivyobaki navyo vichujwe. Kwa chanjo zinazotengenezwa kwenye seli endelevu za wanyama, yaani zinazogawanyika bila kikomo maabara, WHO inataka DNA isizidi nanogramu 10 kwa dozi. Halafu Benzonase yenyewe ni protini ngeni, lazima uitoe na uthibitishe kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kugundua protini. Hapo wengi wanapitiliza, na mimi nakusihi usipitilize.