Usilipie hiyo mota ya mashine ya kufua kabla hujaizungusha kwa mkono

Omera, usitume hiyo pesa. Umesema unataka kujenga jenereta ya upepo, fundi amekuwekea mota ya mashine ya kufua kwa shilingi 3,500, akaizungusha kwa drili mbele yako na taa ya LED ikawaka, na sasa unauliza mapanga yawe na urefu gani, mlingoti uende mita ngapi na ununue betri gani ya kuweka kwako Dunga, kando ya ziwa. Hayo yangoje. Taa kama hiyo ndiyo iliyonilia pesa mimi.

Mota iliyo kwenye picha yako ina brashi mbili za kaboni na pulei nyembamba ya mkanda. Haina sumaku ya kudumu ya kuzalisha umeme. Ina koili mwilini na koili kwenye shafti, na zote hugeuka sumaku zikishapewa umeme kutoka nje. Basi taa iliwakaje? Tazama mkiani mwa shafti: kuna kisumaku kidogo cha mviringo kinachozunguka ndani ya koili ndogo. Hicho ni kipima mwendo, kazi yake ni kuiambia mashine ngoma inakwenda kasi gani. Nyaya zake mbili nyembamba hutoa volti chache na mkondo mdogo mno. LED itawaka, lakini hata simu ya kabambe haitachaji. Anayekubandikia taa pale anakuuzia kipima mwendo kwa bei ya jenereta. Na wale wa video wanaosema mota yoyote ukiizungusha inatoa umeme wamewatia watu wengi hasara, kwa sababu hawaonyeshi kamwe waya gani wameshika.

Kuna watakaokuambia uzipe koili za mwilini umeme kidogo wa betri ili mota iamke. Itaamka, lakini kwa kasi gani? Mota hiyo imeundwa kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika mashine ikikamua. Mapanga ya kipenyo cha mita 2, upepo wa mita 5 kwa sekunde, yatazunguka kama mara 240 tu kwa dakika na kukupa wati 50 hivi. Ukifunga pulei za kuzidisha mwendo mara 40, msuguano na zile koili za mwilini vitakula hizo wati zote.

Ile ya mashine ya matangi mawili, isiyo na brashi na yenye kapasita, nayo iache. Haina sumaku, na kwa kawaida inataka kapasita pamoja na mizunguko inayopita 1,500 kwa dakika ndipo itoe umeme wa maana.

Kipimo ni hiki, na hakigharimu kitu. Zungusha mota kwa mkono nyaya zikiwa wazi, hazigusani. Kisha unganisha nyaya zote nene pamoja, chuma kwa chuma, uzungushe tena. Yenye sumaku itakuwa nzito ghafla, kama inasukumwa kwenye matope. Usipohisi tofauti, irudishe mezani. Halafu tenganisha nyaya, weka testa ya kupimia volti kwenye AC, pima zile nyaya tatu mbili-mbili: kila jozi itoe volti zinazokaribiana na za nyingine. Jozi moja ikiwa chini sana, kuna koili imeungua.

Unayoitaka ni ile pana kama sahani, inayokaa nyuma ya ngoma bila mkanda. Mashine nyingi za LG za kufungulia mbele zinayo. Hesabu koili: zikiwa 36, ni 12 kwa kila fazi, yaani kila kundi moja kati ya matatu ya koili, na zimeungwa mfululizo, mwisho wa moja kwa mwanzo wa nyingine. Kwa mpangilio huo volti ni nyingi na ampea chache. Kwa betri ya volti 12, kata kila fazi iwe mafungu mawili ya koili 6, uyaunge sambamba, mwanzo kwa mwanzo na mwisho kwa mwisho. Volti zinashuka nusu, ampea zinapanda maradufu. Weka alama mwanzo na mwisho wa kila fungu kabla ya kukata. Ukigeuza fungu moja, litapigana na mwenzake na mota itakuwa nzito hata bila mzigo.

Kuhusu betri, neno moja: usifunge kontrola ya sola ya PWM, kile kifaa cha bei nafuu cha kudhibiti chaji. Betri ikijaa inakata, mapanga yanabaki bila mzigo, na upepo wa ziwani wa alasiri utayazungusha mpaka yapasuke. Tafuta kontrola inayomwaga umeme wa ziada kwenye hita.

Ukienda soko la Kibuye beba testa na kipande cha waya. Ukipata ya sahani, weka hapa picha ya koili na volti ulizopima tupange mafungu.