Usiilaumu Pim1 kabla hujahesabu mkia

Simama hapo hapo, ndugu. Unasema protini ya majaribio, DHFR, uliyoiingiza kwenye mitokondria ya hamira haipungui hata baada ya saa mbili kwenye nyuzi 37, kwa hiyo unaagiza hamira nyingine kwa kuwa "Pim1 imekufa", yaani kile kimeng'enya kinachovunja protini ndani ya mitokondria. Usiagize kitu! Wazo hilo hilo lilinila miezi saba.

Aliyenipoteza ni mkuu wangu wa maabara. Aliinua kwenye mwanga filamu inayoonyesha protini kama mistari myeusi, akaona mstari wa DHFR wa dakika 0 na wa dakika 120 vina weusi uleule, akasema, "ATP yako mbovu," yaani nishati inayoiendesha Pim1. Nikabadilisha ATP. Nikatenga mitokondria upya mara sita. Nikaomba hamira ya maabara nyingine. Mstari palepale. Hadi leo naumia, maana hakuuliza hata siku moja protini yenyewe imekaaje.

Pim1 ni hodari wa kukata, si hodari wa kufumua. DHFR ikishakunjika vizuri ni fundo lililokazwa. Pim1 inataka uzi uliolegea wa kushika, mwanzoni mwa mnyororo, wa asidi amino kama 60; huo ndio ninaouita mkia. Hilo nililijua! Ndiyo maana mbele ya DHFR niliweka kipande cha saitokromu b2, protini nyingine ya mitokondria, chenye asidi amino 66, nikaona nimemaliza. Kumbe 31 za kwanza ni tiketi ya kuingilia tu. Protini ikifika kwenye matriksi, yaani chumba cha ndani cha mitokondria, kimeng'enya MPP kinazikata na kuzitupa. 66 toa 31: mkononi nilibaki na 35. Pim1 ilikuwa hai muda wote, haikupata pa kushika. Nilipourefusha mkia, mitokondria zilezile, ATP ileile, mstari ulififia mbele ya macho yangu. Nililia.

Kwa hiyo hesabu mkia kuanzia pale MPP inapokata, kamwe si kuanzia methionini ya kwanza, ile asidi amino inayofungua mnyororo. Kisha pasua mitokondria kwa sabuni laini, weka tripsini kidogo, kimeng'enya kinachokata protini iliyolegea, juu ya barafu. Kipande cha DHFR kikibaki kizima, protini yako imekunjika barabara na Pim1 haina kosa.

Bandika hapa mfuatano wako wote wa asidi amino, leo hii, kabla hujalipia hiyo hamira. Nitauhesabu mwenyewe.