Kabla hujazitafutia maana skrini za Enterprise

Wenzangu mnaotazama Star Trek na kusimamisha picha kila Data, yule roboti wa meli ya angani Enterprise, akikaa kwenye kiti chake ili msome zile batani, nawajua, maana hata mi ndo ugonjwa wangu. Ushauri wangu ni huu: kabla hujauliza namba fulani ina maana gani, uliza kwanza hiyo skrini ilitengenezwaje.

Star Trek: The Next Generation ilianza 1987, na zile skrini za rangi ya machungwa na zambarau, LCARS (muundo wa skrini za kompyuta ya meli) za mchoraji Michael Okuda, nyingi hazikuwa skrini kabisa. Ni plastiki imebandikwa filamu iliyochapwa, nyuma taa, kama bango la duka la simu. Bei chee na kwenye kamera inawaka vizuri. TV ya kweli ilikuwa shughuli nyingine, maana video ya Marekani inakwenda picha 30 kwa sekunde na kamera ya filamu 24, ukiirekodi hivihivi inachezacheza, mpaka utafute vifaa maalum na hapo ni hela. Kwa hiyo ukiona paneli imetulia tuli huku meli inapigwa, usianze kutunga nadharia eti kompyuta imedukuliwa na Waromulani, maadui wa kwenye hadithi, jamani, ni taa hiyo. Na ikiwa kuna kitu kinatiririka, angalia kama ni mwendo uleule unajirudia, mara nyingi ni plastiki ya kuchuja mwanga na gurudumu linalozungushwa na mota kwa nyuma.

Halafu tafuta toleo zuri. Zamani kila episodi ilihaririwa kwenye mkanda wa video, maandishi madogo ni ukungu mtupu. Kuanzia 2012 zikaanza kutoka Blu-ray zilizoskaniwa upya kutoka filamu yenyewe ya milimita 35, ndo vituko vikaonekana. Ule mchoro mkubwa wa meli chumba cha injini, kaza macho, utamkuta bata. Ndiyo, bata, na panya pia yumo! Kwenye episodi ya "The Neutral Zone" ya 1988, orodha ya ukoo wa mhusika Clare ilivyotoka mara ya kwanza ilikuwa na kina William Hartnell na Patrick Troughton, waigizaji wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza.

Na namba 47 je? Imejaa kila kona. Mwandishi Joe Menosky alisoma Pomona College, California, ambako 47 ni utani wa siku nyingi, akaja nao kazini na wenzake wakanogewa. Sasa mtu anakuja kuniambia ni msimbo wa siri wa Starfleet, kikosi cha meli za angani cha kwenye hadithi, aah wapi.

Mi nikiona kitu kigeni nalinganisha na episodi nyingine za seti hiyohiyo. Kama batani na namba ni zilezile hata siku meli ina shughuli tofauti kabisa, ni pambo, pita. Ila kama imetokea episodi moja tu basi rudisha nyuma, vuta karibu, soma kila herufi, maana hiyo kuna mtu alikaa akaichora kwa ajili ya tukio hilo.